Ufunguo wa rimoti wa bei nafuu kwa Toyota IST, na kazi ya kuusajili mwenyewe nyumbani

Ufunguo ninaoueleza hapa ni ule mweusi wa vitufe viwili unaouzwa katika maduka mengi ya spea ya Kariakoo, upande wa Gerezani, ukiwa ndani ya mfuko wa nailoni usio na jina la kiwanda wala karatasi ya maelekezo. Niliununua kwa ajili ya Toyota IST ya mwaka 2004 iliyofika kutoka Japani ikiwa na ufunguo mmoja tu wa rimoti, nao ulikuwa umekwisha kuchoka vitufe. Niseme mapema ninavyouona: kwa gari la aina hii ufunguo huu unafaa, unasajiliwa bila mashine wala fundi, na kilicho bora ndani yake ni saketi isiyoonekana, ilhali ganda lake la plastiki halistahili sifa yoyote. Hata hivyo, kufaa kwake kote hutegemea jambo ambalo muuzaji hakuniuliza, na ambalo wauzaji wengi hawaulizi, nalo ni masafa ya redio ambayo gari linayasikiliza, yaani mahali pa kutegea mawimbi, kama vile redio inavyotegwa kwenye stesheni yake.

Kabla ya kufika huko ni vyema kutenganisha mambo, kwa sababu tunaposema ufunguo wa rimoti huwa tunataja vitu vitatu vilivyobanwa pamoja. Upo ulimi wa chuma unaoingia kwenye swichi na kuizungusha. Ipo rimoti yenyewe, yaani saketi ndogo yenye betri na vitufe, ambayo kazi yake ni kufunga na kufungua milango. Na katika baadhi ya magari ipo chipu ya imobilaiza, kipande kidogo kisicho na betri, ambacho huamshwa na koili iliyozungushwa kwenye swichi ya ufunguo na kujitambulisha kwa kompyuta ya gari kabla injini haijaruhusiwa kuwaka. Vitu hivyo vitatu havijuani. Rimoti inaweza kufa na injini ikaendelea kuwaka kama kawaida. Chipu inaweza kukosekana na milango ikafunguka vizuri kwa kitufe huku injini ikigoma. Kazi ya nyumbani ninayoizungumzia inahusu rimoti peke yake, na anayeahidiwa kwamba atasajili kila kitu kwa kufunga na kufungua mlango anadanganywa.

Kwa bahati njema, Toyota ndogo za soko la Japani za miaka hiyo zilizotoka kiwandani bila imobilaiza si chache, na gari langu ni mojawapo. Njia rahisi ya kulitambua gari lako ni kutazama dashibodi baada ya kutoa ufunguo: imobilaiza ya kiwandani huwa na taa ndogo nyekundu inayopepesa wakati gari limezimwa. Isichanganywe na taa iliyobandikwa na fundi wa alamu, ambayo kwa kawaida imetobolewa mahali pasipo na mpango na waya wake unaonekana ukitazama kwa makini. Gari lenye imobilaiza bado linaweza kusajiliwa rimoti nyumbani, ila ufunguo mpya utafungua milango tu na hautawasha injini mpaka chipu nayo ishughulikiwe.

Sasa masafa. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hutumia megahezi zinazozunguka 312 hadi 315, kwani huko mkanda wa megahezi 430 hadi 440 umegawiwa watu wa redio za ridhaa, yaani wanaorusha mawimbi kwa kupenda tu bila biashara. Magari ya Ulaya, pamoja na mengi yanayopitia nchi za Ghuba, hutumia megahezi 433.92. Bandari ya Dar es Salaam inapokea magari ya pande zote hizo, hivyo katika droo moja ya duka la spea utakuta funguo za makundi yote zikiwa zimechanganywa, zote nyeusi, zote zina vitufe viwili, na zote zina nembo ile ile iliyogongwa juu ya ganda. Nilipotaja gari langu muuzaji alichomoa wa kwanza uliomjia mkononi na kusema, "Huu unaingia Toyota zote, bosi." Niliomba kuufungua. Katikati ya saketi kulikuwa na kikopo cha chuma chenye ukubwa wa punje ya dengu kilichoandikwa R433A, maana yake ni kwamba ufunguo ule ungeimba mchana kutwa na gari langu lisiusikie hata mara moja. Baada ya kutafuta kidogo alipata wa kundi la Kijapani, na ndio nilioondoka nao.

Maandishi ya kikopo hicho ndiyo jambo la kwanza ninalomshauri mnunuzi ayatafute, kwa kuwa kikopo ndicho kinachopanga masafa ya rimoti. Si kila saketi ina kikopo, na si kila kikopo kinasomeka, lakini kikiwepo kinamaliza ubishi wote. Kwa ufunguo wa zamani, ambao mara nyingi haujaandikwa chochote kinachoeleweka, mafundi funguo wengi wana kipima masafa ndani ya mashine zao na hukupimia kwa kuubonyeza tu mbele yake. Niliyemwendea alinipimia bila kunitoza, huku akinihakikishia kwamba rimoti mpya "bila mashine haiingii, kaka". Tofauti ya megahezi mbili tatu inaweza kuonekana ndogo kwa msomaji, lakini kipokezi cha gari kimefinywa kusikiliza mahali pamoja, na rimoti ya 315 mbele ya gari la 312 aghalabu ni mzigo wa mfukoni. Pamoja na masafa, rimoti lazima iwe imetengenezwa kwa lugha ya Toyota. Ya Nissan yenye masafa yanayofanana haitakubaliwa hata ukifunga mlango mpaka bawaba zikatike.

Vilevile nisingependa mtu anunue ufunguo mpya ilhali wa zamani ni mzima. Rimoti nyingi zinazodhaniwa zimekufa zina betri iliyochoka au iliyowekwa ya namba isiyo yake. Namba za betri hizi husomeka kwa urahisi: CR2032 ina kipenyo cha milimita 20 na unene wa milimita 3.2, CR2016 ina kipenyo hicho hicho na unene wa milimita 1.6, na CR1616 ni ndogo kwa upana. Zote ni za volti 3, na ndiyo sababu muuzaji atakuambia ni kitu kimoja, lakini nyembamba ikiwekwa kwenye nafasi ya nene haigusi chuma cha juu, na hapo rimoti hufanya kazi leo ikagoma kesho. Ugonjwa wa pili ni kitufe kidogo kilicholehemewa kwenye saketi, chini ya mpira, ambacho kikizeeka hupoteza ule mlio mkavu wa kubonyea. Fundi wa simu anaweza kukibadilisha kwa bei ya soda chache. Wapo wanaoipima rimoti ya gari kwa kuielekeza kwenye kamera ya simu ili waone mwanga; kipimo hicho ni cha rimoti ya televisheni inayotumia mwanga usioonekana kwa macho, na kwa rimoti ya gari inayotumia redio hakisemi lolote.

Ufunguo wangu wa zamani ulikuwa na ugonjwa huo wa pili, niliutengenezesha, na bado nikanunua mpya, kwa kuwa gari lenye ufunguo mmoja ni gari linalosubiri kulala barabarani.

Usajili wenyewe hufanyika hivi. Unakaa kwenye kiti cha dereva, mlango wa dereva ukiwa wazi, milango mingine yote pamoja na buti ikiwa imefungwa, na ufunguo ukiwa nje ya swichi. Ufunguo wowote unaowasha gari unatosha kwa kazi hii, hivyo ule mpya si lazima uwe umechongwa. Unashikwa tu mkono wa pili ukisubiri zamu yake. Unauingiza ufunguo kwenye swichi na kuutoa mara mbili ndani ya sekunde 5, bila kuuzungusha. Unaufunga mlango wa dereva na kuufungua, mara mbili. Unauingiza ufunguo na kuutoa mara moja. Unaufunga mlango na kuufungua tena mara mbili. Kisha unauingiza ufunguo, unauacha humo, na unafunga mlango. Kati ya hatua na hatua gari linakupa sekunde 40, muda ambao ni mrefu kuliko unavyoonekana kwenye maandishi, kwa hiyo hakuna haja ya kuhangaika. Kinachohitaji wepesi ni zile sekunde 5 za mwanzo peke yake.

Baada ya mlango kufungwa ndipo unapoliambia gari unataka nini. Unazungusha ufunguo kutoka LOCK (swichi imezimwa) hadi ON (imewashwa bila injini) na kuurudisha LOCK, kwa mwendo wa takribani sekunde moja kwenda na kurudi. Ukifanya hivyo mara moja unaomba kuongeza rimoti juu ya zilizopo. Ukifanya mara mbili unaomba zilizopo zifutwe zote na uandike upya. Kisha unatoa ufunguo. Kama hatua zote zimekubaliwa, gari hujibu lenyewe: milango yote minne inafunga na kufungua kwa mshindo, mara moja kwa ombi la kwanza, mara mbili kwa ombi la pili. Jirani aliyekuwa akitazama kutoka barazani kwake, na ambaye mpaka hapo alikuwa na mashaka ya wazi juu ya akili yangu, ndipo alipoinuka na kuja karibu.

Kilichobaki ni rimoti mpya kujitambulisha. Unabonyeza vitufe vyote viwili kwa pamoja kwa muda wa sekunde moja na nusu, unaviachia, kisha unabonyeza kile cha kufunga peke yake kwa sekunde moja au zaidi kidogo. Ndani ya sekunde 3 milango inajibu. Ikifunga na kufungua mara moja, rimoti imeandikwa. Ikifanya hivyo mara mbili, haikuandikwa, na unarudia kubonyeza bila kuanza upya zile hatua za mlango. Kama una rimoti nyingine unaendelea nayo ndani ya sekunde 40, na gari linakubali nne kwa jumla. Ukimaliza unafungua mlango au unaingiza ufunguo, na gari linatoka katika hali hiyo.

Rimoti hii niliyoinunua ilikubaliwa kwa jibu la mshindo mmoja, na kwa hilo naipa alama zake zote. Gari huandika kumbukumbu mbili: namba ya rimoti, na mahali hesabu yake ilipofikia, kwa kuwa kila kubonyeza hutuma tarakimu mpya zinazofuata mpangilio ambao gari linaujua, na tarakimu za jana hazifungui mlango leo. Ndiyo maana mtoto akiichezea rimoti mbali na gari kwa muda mrefu, hesabu za pande mbili zinaweza kuachana na rimoti ikaonekana imekufa, ilhali inachohitaji ni kusajiliwa tena kwa njia hii hii.

Pamoja na maombi hayo mawili yapo mengine ambayo mafundi hawayataji, na kwangu mimi ndiyo yaliyoifanya kazi yote kuwa na thamani kuliko bei iliyookolewa. Ukizungusha ufunguo mara tatu badala ya moja au mbili, unaliuliza gari lina rimoti ngapi kwenye kumbukumbu yake, nalo hujibu kwa idadi ya mishindo: mmoja ni rimoti moja, miwili ni mbili, na kuendelea hivyo hadi nne. Mishindo mitano ina maana ya kwamba hakuna hata moja. Nilifanya hivyo kabla ya kusajili chochote. Gari langu, lililoshuka melini na ufunguo mmoja, na ambalo tangu hapo halijawahi kuwa na rimoti nyingine ninayoijua, lilijibu mishindo miwili.

Hii ina maana ya kwamba mahali fulani ipo rimoti nyingine inayoweza kulifungua. Huenda imesahauliwa kwenye droo ya mtu huko Japani, na hilo halinisumbui. Lakini gari la mtumba halitoki mkononi mwa mwenye nalo wa kwanza likaingia moja kwa moja mkononi mwako; linapita yadi ya mnada, linapita melini, linapita bandarini, linapita kwa wakala, na mara nyingi linalala wiki kadhaa kwenye yadi ya muuzaji ambaye naye ana vijana wa kulisogeza na kulisafisha. Kila mkono katika huo mnyororo umeshika funguo. Kwa hiyo sikuchagua kuongeza. Nilichagua kufuta na kuandika upya, nikasajili rimoti ya zamani na mpya kwa pamoja, kisha nikaliuliza gari tena. Mishindo ilikuwa miwili kama mwanzo, ila safari hii rimoti zote mbili zilikuwa mezani kwangu. Ikumbukwe kwamba kufuta huku kunaiondolea rimoti ya mbali nguvu ya kufungua kwa kitufe tu. Kama imebeba na ulimi uliochongwa, ulimi huo bado utafungua mlango, na katika gari lisilo na imobilaiza bado utawasha injini. Anayetaka kuliziba na hilo abadilishe vitasa na swichi, kazi ambayo ni ya gharama nyingine kabisa.

Kuhusu ombi la kufuta, tahadhari moja ni ya lazima: kusanya rimoti zote za nyumbani kabla ya kuanza, kwa sababu ile iliyosafiri na mume au mke kwenda kazini itarudi jioni ikiwa haifungui. Tahadhari ya pili ni kuteremsha kioo cha dereva. Gari hili, ukilifungua kwa rimoti na usifungue mlango wowote kwa takribani nusu dakika, hujifunga lenyewe, na katika pilikapilika za kujaribu rimoti mpya ni rahisi ufunguo pekee uliochongwa ukabaki kitini ndani.

Wapo watakaofuata hatua zote na gari likanyamaza, na kabla ya kuilaumu rimoti watazame gari lenyewe. Utaratibu huu wote unategemea gari kujua mlango umefunguliwa na ufunguo umeingia. Mlango hujulikana kwa swichi ndogo iliyo kwenye nguzo ya mlango, ile ile inayowasha taa ya ndani. Kama taa ya ndani haiwaki unapofungua mlango wa dereva, na katika magari ya umri huu swichi hiyo huingiwa na kutu na vumbi mpaka ikakwama, unaweza kufunga na kufungua mpaka jioni na gari likaamini hujagusa kitu. Ufunguo hujulikana kwa swichi nyingine iliyo ndani ya silinda, ambayo kazi yake ya kila siku ni kukulilia unapofungua mlango ukiwa umeacha ufunguo humo. Kama gari lako limeacha kulia, hapo pana jibu. Buti isiyofunga sawasawa inatosha kuharibu shughuli. Na kama mota ya sentro loki ya mlango mmoja imekufa, mshindo wa jibu hutoka kwenye milango mingine, kwa hiyo sikiliza gari zima badala ya mlango wako tu. Magari yaliyofungwa alamu ya nje ni kisa kingine, kwani rimoti inayofungua milango yake ni ya alamu na si ya Toyota, na husajiliwa kwenye kisanduku cha alamu kwa kitufe chake kilichofichwa.

Kwa wenye magari mengine nitapita haraka. Honda nyingi za miaka ya 2000 zina njia fupi zaidi: unawasha swichi hadi ON, unabonyeza kitufe cha rimoti, unazima, na unarudia mzunguko huo kila mmoja ndani ya sekunde chache, hadi mara ya nne milango inapojibu kwa mlio, hapo unabonyeza kila rimoti kwa zamu. Ubaya wake ni kwamba kuingia katika hali hiyo kunafuta rimoti zote za zamani bila kukuuliza, na si kwa hiari kama Toyota. Nissan za zama hizo huingizwa kwa kufunga loki ya milango, kuingiza na kutoa ufunguo mara 6 ndani ya sekunde 10 hadi taa za hazadi zipepese mara mbili, kisha kuweka swichi kwenye ACC, ile hatua iliyo kabla ya ON, na kubonyeza rimoti. Njia hizi hutofautiana kwa mwaka na toleo, na video za mtandaoni zinachanganya matoleo bila huruma.

Wenye magari ya kitufe cha kuwashia, Prius, Crown, Harrier za baadaye na wenzao, wasipoteze fedha zao kwa ufunguo wa aina hii. Ufunguo wao huzungumza na gari bila kubonyezwa, rimoti na imobilaiza vimeunganishwa katika mazungumzo hayo hayo, na kuusajili huhitaji kuunganisha kompyuta kwenye tundu la uchunguzi lililo chini ya usukani. Toyota ina programu yake ya kazi hiyo, Techstream, na sokoni zimejaa waya za kuigiza zinazodai kuifanyia kazi kwenye kompyuta mpakato yoyote. Sioni busara ya kumshauri mtu asiye na uzoefu aingilie kompyuta ya gari kwa waya wa aina hiyo ili aokoe malipo ya fundi mara moja maishani. Huko fundi mwenye mashine anastahili fedha yake. Mafundi wetu wengi hutumia mashine za Kichina za Xhorse au KEYDIY, ambazo huchukua rimoti tupu na kuiandika iwe ya Toyota, Nissan au Mazda kwa masafa yanayotakiwa, na kwa gari ambalo spea yake haipatikani droo za Kariakoo hiyo ndiyo njia safi. Kinachopaswa kuepukwa kabisa ni rimoti za kunakili, zile za vitufe vinne zinazouzwa kwa wenye mageti, ambazo hudai kujifunza rimoti yoyote ukiziweka pua kwa pua. Zinanakili tarakimu zisizobadilika, na tarakimu za gari hubadilika kila ubonyezapo.

Nikirudi kwenye bidhaa yenyewe, baada ya miezi ya matumizi ya kila siku saketi haijaniangusha. Inafungua kutoka getini, umbali usiopungua wa ufunguo wa kiwandani ulivyokuwa katika siku zake nzuri, na mvua za masika hazikuiingilia. Ganda ni habari nyingine. Pande zake mbili zimeshikwa kwa vidoko vya plastiki bila skrubu, na ukiudondosha ufunguo sakafuni ganda huachana vipande viwili na betri ikatafutwa chini ya makochi. Mpira wa kitufe cha kufunga ulianza kung'aa na kulegea mapema kuliko ilivyostahili. Betri iliyokuja nayo, isiyo na jina, ilichoka haraka, na nilipoweka nyingine ya kampuni inayojulikana tatizo halikurudi. Ulimi wa chuma ni laini. Fundi aliyeuchonga aliniambia wazi kwamba chuma hicho kitalika meno, na alinishauri niuweke kama wa akiba na kuendelea kutumia wa zamani kila siku, ushauri ambao nimeufuata kwa sehemu tu kwa kuwa ulimi wa zamani umehamishiwa ndani ya ganda jipya. Kwa wenye ujasiri wa bisibisi hilo ndilo pendekezo langu: chukua saketi mpya, ulimi wa zamani, na ganda lililo zima kuliko lenzake, mradi gari liwe halina chipu, au chipu ihamishwe kwa uangalifu pamoja na ulimi wake.

Bei nayo inaridhisha. Ufunguo pamoja na kuchonga haukufika nusu ya nilichotajiwa na fundi wa kwanza kwa kazi nzima, na sehemu kubwa ya alichotaja ilikuwa ni kusajili, yaani zile dakika chache za mlango na swichi. Simlaumu kwa kutoza maarifa yake, ila ningefurahi kama angesema anachotoza ni maarifa badala ya kusema ni mashine.

Duka niliponunulia linapata alama chache kuliko bidhaa. Muuzaji alikuwa mchangamfu na hakukasirika nilipokataa ufunguo wa kwanza, lakini hakujua kutofautisha kundi la Kijapani na la Ghuba katika mali anayoiuza kila siku, risiti ilitolewa baada ya kuombwa mara kadhaa, na kuhusu kurudisha jibu lilikuwa kwamba vitu vya umeme vikitoka dukani vimetoka. Kwa masharti hayo mnunuzi aende na ufunguo wake wa zamani, ajue masafa ya gari lake kabla ya kufika, na aombe ganda lifunguliwe pale pale kwenye kaunta asome kikopo kwa macho yake. Vidoko vya ganda hilo hufunguka kwa ukucha, kwa hiyo muuzaji akikataa kufungua mpaka alipwe kwanza, sababu yake haiwezi kuwa kuogopa kuharibu mali, na mtaa ule una maduka mengine yanayouza ufunguo huo huo.